Kisukari cha watoto, ubongo na masomo: mambo ambayo kila parokia inapaswa kujua



Katika makanisa yetu ya mashariki, wengi wanaujua ugonjwa wa kisukari kama ugonjwa wa watu wazima. Ni mzee wa kanisa aliyekatazwa kutia sukari katika chai, au mama mwenye kidonda cha mguu kisichotaka kupona. Ni wachache wanaojua kwamba kisukari kinashika pia watoto: mtoto wa darasa la tano, mtoto wa miaka minne, hata mtoto ambaye bado ananyonya. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba kisukari kisipogunduliwa mapema, au kikitibiwa nusu nusu, kinaweza kugusa ubongo wa mtoto unaoendelea kukua, na kwa njia hiyo kikaharibu kumbukumbu yake, usikivu wake na masomo yake.

Tunaandika haya tukiwa na mawazo kwa waamini wa Kalemie na wa jimbo lote la Tanganyika, kutoka Moba mpaka Kongolo, kutoka Nyunzu mpaka Manono. Kwetu malaria iko kila mahali, kipindupindu kinarudi mara kwa mara kando ya ziwa, na familia nyingi zimekimbia vita na kuacha kila kitu. Katikati ya magonjwa hayo yote, kisukari cha mtoto kinajificha kwa urahisi. Tunataka kueleza ni ugonjwa gani, unafanya nini katika kichwa cha mtoto, na kwa nini sehemu kubwa ya madhara hayo inaweza kuzuiwa, kanisa likifanya sehemu yake.

Ugonjwa huu ni nini?

Chakula tunachokula, kama ni bugali, mchele, ndizi au viazi vitamu, tumbo linakigeuza kuwa sukari inayoitwa glukosi. Glukosi inaingia katika damu na kusambazwa mwili mzima. Lakini haiwezi kuingia katika misuli na sehemu nyingi za mwili bila kufunguliwa mlango. Ufunguo wa mlango huo ni insulini, ambayo inatengenezwa na kongosho, kiungo kidogo kilicho nyuma ya tumbo.

Kwa watoto wengi wenye kisukari, askari wa mwili wanaopaswa kupigana na magonjwa wanakosea adui: wanashambulia sehemu ya kongosho inayotengeneza insulini na kuiharibu. Ugonjwa huo unaitwa kisukari cha aina ya kwanza. Mtoto hakuupata kwa kula pipi wala miwa. Hakuambukizwa na mwenzake. Mama yake hakufanya kosa wakati wa mimba. Na hakuna jirani wala bibi aliyemtupia kitu usiku.

Kwa sababu insulini imekwisha mwilini, hakuna kidonge wala majani ya porini yanayoweza kuchukua nafasi yake. Mtoto anahitaji sindano za insulini kila siku, maisha yake yote. Kabla ya insulini kugunduliwa, watoto wenye ugonjwa huu walikufa, karibu wote, katika miezi au miaka michache. Mwezi wa kwanza wa 1922, huko Toronto, Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa sindano ya insulini, akaishi miaka mingine 13. Leo mtoto anayepata insulini yake vizuri anaweza kumaliza shule, kuoa au kuolewa, kuzaa na kuzeeka. Siku ya kisukari duniani huadhimishwa tarehe 14 Novemba, siku aliyozaliwa Frederick Banting, mmoja wa waliogundua dawa hiyo.

Kwa nini ubongo unaguswa?

Ubongo ni kiungo kidogo chenye njaa kubwa. Kwa mtu mzima una uzito wa sehemu kama 2 tu kwa 100 za mwili, lakini unatumia karibu sehemu 20 kwa 100 za nguvu zote. Kwa mtoto wa miaka minne au mitano ni zaidi sana: karibu nusu ya nguvu anazotumia mwilini zinakwenda kwenye ubongo. Ndio wakati anapojifunza maneno mengi kila siku, kuhesabu, na kukumbuka nyimbo za mafundisho ya watoto baada ya kuzisikia mara mbili.

Chakula kikuu cha ubongo ni glukosi, na ubongo hauna ghala kubwa ya kuitunza. Unategemea ile inayopita katika damu dakika kwa dakika. Ikipungua sana, ubongo unakosa chakula. Ikizidi sana kwa muda mrefu, maji ya mwili yanavurugika na sehemu laini za ubongo zinaumia.

Kuna sehemu mbili ambazo watafiti wamezitazama zaidi. Ya kwanza ni ile ndogo iliyo ndani ya ubongo inayohifadhi kumbukumbu mpya, ambayo inaumia haraka ikikosa sukari. Ya pili ni nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Nyuzi hizo zina ngozi ya mafuta juu yake, kama waya wa umeme ulivyo na plastiki, na ngozi hiyo inaendelea kujengwa katika miaka yote ya utoto. Ikijengwa vibaya, habari zinapita polepole. Mtoto anaelewa, lakini anachukua muda mrefu zaidi kujibu.

Watafiti wa Marekani na wa Melbourne, Australia, wamefuata watoto wenye kisukari kwa miaka mingi, wakiwapima akili na kuwapiga picha za ubongo. Waliyoyaona yanatupa onyo na pia tumaini. Watoto wengi wenye kisukari wana akili ya kawaida na wanasoma vizuri. Tofauti kati yao na wenzao, kwa wastani, ni ndogo. Inaonekana zaidi katika usikivu, kumbukumbu na kasi ya kufikiri. Walio katika hatari kubwa zaidi ni watoto walioanza kuugua kabla ya miaka kama mitano hivi, waliofika hospitali wakiwa wamechelewa sana, walioanguka kifafa mara nyingi kwa sababu ya sukari kushuka, au walioishi miaka mingi na sukari iliyo juu.

Watoto waliochunguzwa huko walikuwa na insulini nyumbani na vipimo kila siku. Mtoto wa kwetu ambaye dawa yake inakatika wiki mbili kila mwezi anabeba mzigo mzito zaidi. Ndiyo sababu jambo hili linatuhusu.

Hatari ya kwanza: sukari iliyopanda bila mtu kujua

Mtoto asiye na insulini ana sukari nyingi katika damu lakini mwili wake unalia njaa. Sukari inatoka kwa mkojo na kuvuta maji. Kwa hiyo mtoto anakojoa sana, anakunywa maji mengi, anakula lakini anakonda. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani anaanza tena. Mama wengine wanaona sisimizi wakikusanyika mahali mtoto alipokojolea.

Siku zikipita, mwili unaanza kuchoma mafuta yake wenyewe, na uchafu wa moto huo ni asidi iitwayo ketoni. Sasa mtoto anatapika, tumbo linamuuma, anapumua kwa nguvu na haraka, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kisha anasinzia, anachanganyikiwa, anapoteza fahamu. Katika hali hiyo ubongo unaweza kuvimba. Haitokei kwa wengi, lakini ikitokea inaweza kuua, au kumwacha mtoto na ulemavu. Hata pale ambapo ubongo hauvimbi kwa kuonekana, watafiti wa Melbourne walikuta kwamba watoto waliofika na asidi kali walibaki na alama katika ubongo na kumbukumbu dhaifu miezi kadhaa baadaye.

Sasa tujiulize: mtoto wa Kalemie anayetapika, anayepumua haraka, aliyelegea, anatibiwa nini kwanza? Malaria. Na ni haki kuitafuta, kwa sababu malaria inaua watoto wetu wengi kuliko kisukari. Shida ni kwamba katika eneo letu mtoto anaweza kuwa na vijidudu vya malaria katika damu yake na bado ugonjwa unaomuua siku hiyo ukawa ni kisukari. Kipimo cha malaria kikionyesha ndiyo, watu wanaacha kutafuta. Wanamwekea seromu, na mara nyingi seromu hiyo ni ya sukari. Mtoto mwenye kisukari ambaye bado hajajulikana anaongezewa sukari juu ya sukari.

Dawa ya kosa hilo ni tone moja la damu la kidoleni na mashine ndogo inayotoshea mkononi, inayotoa jibu katika sekunde chache. Mtoto mwenye dalili tulizotaja, akipimwa saa yoyote na kukutwa na 200 au zaidi (kwa kipimo cha miligramu kwa desilita), ni mgonjwa wa kisukari mpaka daktari aseme vinginevyo, na anapaswa kufikishwa hospitali siku ileile, si kesho. Ikiwa kituo cha afya kina kipimo cha mkojo tu, nacho kinaweza kuonyesha sukari na ketoni.

Mashine hiyohiyo inasaidia hata mtoto asiye na kisukari. Malaria kali inashusha sukari ya damu, na dawa ya kinini inaweza kuishusha zaidi. Kwa hiyo kila mtoto aliyepoteza fahamu au anayeanguka kifafa anapaswa kupimwa sukari. Mzazi anaweza kuomba kwa heshima: "Tafadhali, mmpime na sukari." Hayo si matusi kwa muuguzi.

Hatari ya pili: sukari iliyoshuka ghafla

Mtoto aliyeanza sindano anakutana na hatari nyingine. Akichomwa insulini kisha asile, au akicheza mpira mchana mzima, au akichomwa kipimo kikubwa kuliko kinachohitajika, sukari inashuka. Ikiwa chini ya 70, inahitaji kutibiwa mara moja.

Dalili zake zinakuja haraka: kutetemeka, jasho baridi, njaa kali, moyo kupiga mbio. Ubongo ukianza kukosa chakula, mtoto anabadilika tabia. Anakasirika bila sababu, anatazama bila kuona, anaongea maneno yasiyoeleweka, anatembea kama mlevi. Mwishoni anaweza kuanguka kifafa. Katika nyumba zetu, tabia hiyo inaitwa ukaidi, au pepo. Kumbe ni ubongo unaoomba sukari.

Mambo ya kufanya ni haya. Kama mtoto ana fahamu na anaweza kumeza, mpe vijiko viwili vidogo vya sukari katika maji kidogo, vitatu kwa mtoto mkubwa. Soda ya kawaida au asali pia inafaa. Ngoja dakika 15. Kama bado, rudia. Akipata nafuu, mpe chakula: bugali, ndizi, mkate. Kama amepoteza fahamu, usimmiminie kitu kinywani, kwa sababu kitaingia katika mapafu. Mlaze kwa ubavu, paka sukari iliyoloweshwa kidogo kidogo ndani ya shavu na kwenye fizi, na mkimbize kituo cha afya. Usimchome insulini mtoto aliye katika hali hiyo.

Ndipo tuombe. Katika kitabu cha kwanza cha Wafalme, Eliya alipolala chini ya mti akiwa amechoka hata kutamani kufa, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwekea mkate na maji, akamwacha alale, akamlisha tena. Neno lilikuja baadaye.

Darasani

Mwalimu anaweza kumwona mtoto mwenye kisukari kama mtoto mwenye tabia mbaya. Anaomba kutoka nje mara tatu kabla ya mapumziko. Ana chupa ya maji chini ya meza. Anasinzia wakati wa hesabu. Leo anajibu vizuri, kesho kama si yeye. Anakosa siku nyingi kwa ajili ya hospitali. Akiadhibiwa kwa hayo yote, anajifunza kuficha ugonjwa wake: anaacha kunywa maji, anaacha kula kipande chake cha mkate mbele ya wenzake, anaruka sindano. Na hapo ndipo ubongo unapoumia kweli.

Mara nyingi mtoto huyo hana upungufu wa akili. Siku sukari yake iko juu sana, mawazo yanakwenda polepole. Siku imeshuka, hawezi kufikiri kabisa. Ikirudi sawa, naye anarudi. Kwa hiyo shule inaweza kumsaidia kwa mambo yasiyogharimu franka hata moja. Aruhusiwe kwenda chooni na kunywa maji. Aruhusiwe kula kitu kidogo saa nne, hata kama wengine hawali. Mwalimu awe na sukari katika karatasi ndani ya meza yake, na ajue namna ya kuitumia. Mtoto akiwa mgonjwa siku ya mtihani, apewe nafasi nyingine. Wakati wa mitihani ya kumaliza shule ya msingi na Mtihani wa Taifa wa sekondari, wasimamizi waambiwe mapema kwamba anahitaji maji na kitu kitamu karibu naye.

Shule zetu nyingi ni za kanisa, chini ya usimamizi wa Waprotestanti. Hatuna haja ya kungoja barua kutoka Kinshasa ili direkta aongee na walimu wake kuhusu mtoto mmoja.

"Amepona!"

Hapa tunagusa jambo gumu, na tunaligusa kwa upendo.

Mtoto anapoanza insulini, mara nyingi kongosho lake linapata pumziko, na sehemu ndogo iliyobaki inafanya kazi tena kwa muda. Sukari inashuka, kipimo cha sindano kinapunguzwa sana, mtoto ananenepa na kucheka. Muda huo unaweza kuwa wiki kadhaa, miezi, kwa wengine karibu mwaka. Madaktari wote wanaujua, nao wanajua pia kwamba unakwisha.

Ikiwa katika wiki hizo mtoto aliwekewa mikono na kuombewa, ni rahisi familia kusema: Bwana ameponya, tuache sindano. Ushuhuda unatolewa mbele ya kanisa. Miezi mitatu baadaye mtoto analetwa tena akiwa na asidi kali, anapumua kwa shida, hajui mama yake. Mwingine hafiki hospitali kabisa.

Sisi tunaamini kwamba Mungu anaponya. Lakini hatujaona mahali popote katika Maandiko ambapo imani inapimwa kwa kutupa dawa. Hezekia alipougua karibu kufa, Isaya alimletea ahadi ya Mungu kwamba ataishi, na nabii huyohuyo akaagiza waweke mkate wa tini juu ya jipu lake. Ahadi na dawa zilitoka katika kinywa kimoja. Paulo naye alimshauri Timotheo kuhusu tumbo lake kama mtu anayejua kwamba mwili una mahitaji.

Kwa hiyo tunawaomba wachungaji, manabii na viongozi wa vikundi vya maombi waseme neno moja kwa sauti moja: hakuna mtu katika kanisa anayeruhusiwa kumwambia mtoto aache insulini. Kama kuna mabadiliko, yapimwe hospitali, na daktari ndiye apunguze kipimo. Mungu akiponya, mashine ya sukari haitakataa kushuhudia.

Vilevile mtoto anayeanguka kifafa au anayekonda bila sababu asiitwe mchawi. Katika miji yetu watoto wamefukuzwa nyumbani kwa neno hilo. Kabla ya mtu yeyote kumnyooshea mtoto kidole, kidole cha mtoto kipimwe damu.

Kufunga, mikesha na ibada ndefu

Mtoto anayechomwa insulini hafungi chakula. Hata kijana anayetaka sana kufunga pamoja na wenzake aelekezwe namna nyingine ya kujinyima: kunyamaza, kusoma, kutumikia wagonjwa. Kufunga akiwa na insulini mwilini kunaweza kumwangusha kifafa kabla ya saa sita.

Katika mkesha, apate chakula chake cha jioni kwa saa yake, na mtu mzima anayejua hali yake aketi karibu naye. Katika ibada ya siku ya Mungu inayochukua saa nne, asizuiwe kutoka chooni wala kula kitu kidogo. Mwalimu wa mafundisho ya watoto naye awe na ile karatasi ya sukari.

Na kinyume chake: mtoto akiwa mgonjwa, anatapika na hawezi kula, wazazi wengine wanaacha insulini kabisa wakiogopa kuishusha sukari. Hapana. Ugonjwa wenyewe unapandisha sukari. Insulini isikatwe bila ushauri. Mtoto apelekwe haraka kituo cha afya.

Insulini katika joto la Kalemie

Chupa moja ya kawaida ya insulini ya mililita 10 ina yuniti 1000. Mtoto mwenye kilo 20 anaweza kutumia yuniti kama 15 kwa siku. Kwa hesabu tu, chupa ingedumu zaidi ya miezi miwili. Lakini ikishafunguliwa, inapaswa kutumiwa ndani ya wiki nne. Kwa hiyo mtoto mmoja anahitaji chupa kama 13 kwa mwaka, pamoja na sindano na vijiti vya kupimia. Tunaandika hesabu hii ili kamati ya kanisa inayotaka kusaidia ijue inasaidia nini. Kununua chupa moja kwa huruma kisha kuacha hakumsaidii mtoto kwa muda mrefu.

Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa katika friji, kati ya nyuzi 2 na 8. Nyumba nyingi za kwetu hazina friji, au umeme unakuja na kwenda. Mwaka 2021 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha utafiti uliotokana na joto la nyumba za wakimbizi wa Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Walipima insulini iliyokaa wiki nne katika joto linalopanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, wakakuta imebaki na nguvu zake sawa na ile ya friji. Hiyo ni habari njema kwa familia isiyo na friji. Chungu cha udongo ndani ya chungu kingine kikubwa, na mchanga uliolowa maji katikati, kinatunza ubaridi unaotosha kwa chupa inayotumika. Kiwekwe kivulini, mbali na bati na mbali na jiko.

Jihadharini na mambo mawili. Kwanza, barafu: insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka. Usiiweke juu ya barafu ya samaki wala karibu na sehemu inayogandisha ya friji, hasa wakati wa safari ya mtumbwi kwenda Moba. Pili, sindano: zipo za yuniti 100 na za yuniti 40. Namba iliyo kwenye sindano ifanane na ile iliyo kwenye chupa. Zisipofanana, mtoto atapata kipimo ambacho hakikukusudiwa.

Parokia inaweza kufanya nini?

Kwanza, ijue watoto wake. Katika kila parokia mtu mmoja, labda kutoka kikundi cha wamama, awe na orodha ya watoto wenye kisukari, atembelee nyumba zao, na aulize swali moja kila wiki: dawa imebaki ya siku ngapi?

Pili, inunue mashine moja ya kupima sukari na vijiti vyake, iviweke mahali panapojulikana, mikononi mwa muuguzi aliye mshirika wa kanisa.

Tatu, iwasaidie wazazi kumwona daktari katika Hospitali Kuu ya Rufaa na kuuliza kuhusu mipango ya watoto. Mpango wa Life for a Child, ulioanzia Australia, na ule wa Changing Diabetes in Children, ulioanza 2009, imefika katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwamo, ikitoa insulini na vipimo bure kwa watoto na vijana. Mtoto asiyeandikishwa na daktari hawezi kuhesabiwa. Tena mwezi Agosti 2022, huko Lomé, mawaziri wa afya wa Afrika walikubali mpango unaotaka magonjwa makali ya muda mrefu, pamoja na kisukari cha watoto, yatibiwe katika hospitali za wilaya na si katika miji mikubwa tu. Viongozi wetu wa makanisa wanapoketi na wakubwa wa afya wa jimbo, wana haki ya kuuliza jambo hilo limefika wapi Tanganyika.

Nne, imsaidie mtoto asipotee shuleni. Akilazwa, mwanafunzi mwenzake ampelekee daftari. Akirudi, mtu ampitishe katika masomo aliyokosa. Ubongo wa mtoto una neema kubwa ya kujirekebisha, lakini unajirekebisha kwa kutumiwa. Mtoto aliyetolewa shuleni kwa sababu "ni mgonjwa" anapoteza kwa mikono yetu kile ambacho ugonjwa wenyewe haukukichukua.

Luka anatuambia kwamba Yesu mwenyewe alikuwa mtoto aliyekua, mwili wake na akili yake pamoja. Tunapoomba Mungu awakuze watoto wetu hivyo, tuangalie pia kama chupa ya insulini imekwisha, na kama mwalimu ana sukari katika meza yake.

Tuwaombee watoto wote wa Tanganyika wanaochomwa sindano leo asubuhi, na wale ambao bado hakuna aliyewapima. Amina.